Pembetatu za Dina

Imelda alikuwa na mikono miwili mizuri na mdomo mmoja usio na breki, na wiki ile ya sendofu, sherehe ya kumuaga wifi yake Dina anayeolewa, mdomo ndio uliotangulia.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa mkekani uani kwa Mama Gwantwa, mtaani Chapwa, wakigawana kazi: huyu mchele, yule mapambo, yule kuwapokea shangazi watakaoshuka kutoka milimani Ileje. Ikafika zamu ya zawadi ya kitandani, maana binti wa ukoo ule haendi kwa mume bila kitu cha kujifunika kutoka kwa wake za kaka zake. Witness, mke wa kaka mkubwa, hakusubiri kuulizwa. Alisema keshaliona blanketi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, zito, lina picha ya chui aliyekodoa macho. Imelda asijisumbue. Achangie tu mfuko wa kulifungia.

Mfuko! Imelda, fundi cherehani mzima, achangie mfuko! Damu ikampanda, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Blanketi la chui lipo kila nyumba Tunduma hii," akasema. "Chui mwenyewe amechoka, jamani, mwacheni apumzike. Mimi nitamshonea wifi yangu blanketi la vitenge. Kila shangazi alete kipande chake. Nitakata pembetatu, nizipange ziwe milima, safu juu ya safu, ili Dina akienda kulala huko tambarare ya Dodoma alale amejifunika milima ya kwao."

Vigelegele vikalipuka. Dina akamrukia shingoni, karibu waanguke wote wawili kwenye sinia la chai. Kelele zilipopungua ndipo Mama Gwantwa, mama mkwe wake, alipouliza kwa sauti ya upole, "Lini, mwanangu?"

"Jumamosi hii hii, mama. Kwenye sendofu."

Witness akatabasamu. Akasema basi na yeye atamnunua chui wake, amweke tayari chumbani, kwa sababu Jumamosi si mbali.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini dole la Imelda lilikuwa zima kabisa. Alikuwa na mwaka mmoja tu katika ukoo ule. Yeye ni Mnyiha wa Iyula, amekulia kwenye kahawa, na wenzake wote ni Wandali, wanajuana tangu mababu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akisuka nywele, wanasema ndivyo wanavyosuka Iyula. Chumvi ikizidi, ni chumvi ya Iyula. Hawakuwa na ubaya, ila hawakuwa wamemzoea. Sasa Jumamosi ikifika bila blanketi, chui akaingia kwenye sherehe na macho yake, Imelda ataitwa "yule wa maneno" mpaka azeeke. Alilijua hilo vizuri, na alikuwa na hofu nalo kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu. Mume wake Aliko, ambaye angeweza kuambiwa, alikuwa Lusaka na lori, na angerudi siku yenyewe ya sherehe.

Jumatatu vipande vikafika. Vya mjini vililetwa kwa mkono, vya Ileje vikaja na basi ndani ya kiroba cha maharage, vikiwa na vumbi la maharage. Imelda akavimwaga kwenye kibanda chake cha kushonea nyuma ya nyumba, akapagawa kwa furaha. Kulikuwa na kitenge cha tausi, kitenge cha feni, kitenge cha kwaya, na kile cha Shangazi Judith, mkubwa wa shangazi wote, cha manjano ya ndizi mbivu chenye maua mekundu, ambacho kwa maneno aliyoyatuma alikivaa siku alipobatizwa mtoto wake wa kwanza na asingempa mtu mwingine yeyote duniani.

Mpango ulikuwa rahisi kuusema. Unachukua pembetatu yenye rangi kali na pembetatu ya rangi nyepesi, unaziunga kwenye ule ubavu mrefu, unapata mraba wenye nusu mbili. Miraba miwili ikikaa bega kwa bega, rangi kali zikitazamana, unapata mlima mmoja na mbingu yake. Milima mingi ni miraba mingi, na kitanda cha Dina kilikuwa cha futi sita kwa sita.

Siku ile ya kwanza akakata pembetatu moja moja, akaziunga moja moja, kama mtu anayechambua mchele kwa ajili ya harusi punje kwa punje. Jua lilipoanza kuinama alikuwa na miraba ya kutosha kumfunika paka, tena paka mdogo. Nusu yake ilikuwa imepinda. Akaitazama, akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

Jumanne akaamka na akili mpya. Alilala akiwaza, na asubuhi jibu lilikuwa limemkalia kwenye mto wa kulalia. Akachukua vipande viwili vya mraba, kimoja cha rangi kali kimoja cha rangi nyepesi, akaviweka uso kwa uso, akavishona pande zote nne kama anayefunga bahasha. Kisha akashika mkasi, akakata kutoka pembe hadi pembe, na tena kutoka pembe hadi pembe. Akafungua. Miraba minne! Minne, iliyokwishaungwa, kwa mshono mmoja wa kuzunguka!

Alipiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna nyoka. Alitoka nje, akacheza peke yake, akarudi ndani, akashona mingine, akatoka tena akacheza. Hadi mchana alikuwa na kilima cha miraba. Akaiunga safu ya kwanza, ndefu, akaitundika kwenye kamba ya nguo kando ya uzio wa mabati ili aione vizuri kwa mbali.

Safu ikamjibu. Ilinyong'onyea kwenye kamba, ikajivuta huku, ikavimba kule, kingo zake zikapata mawimbi kama jani la kabichi. Akaivuta kidogo kuinyoosha, ikarefuka. Akaivuta upande wa pili, ikarefuka na huko. Milima ya Ileje ikawa imelewa.

Hapo ndipo kikohozi kikasikika ng'ambo ya mabati.

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo, la sivyo ataona watu hawa wana wazimu. Upande wa pili wa uzio ule alikaa baba mkwe wake Imelda, Mzee Jonasi. Katika ukoo wao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani. Mkwe akimwona mzee njiani, anakata kona. Mzee akitaka kupita, anakohoa kwanza ili mkwe ajifiche. Jina lake mkwe halitamki. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, kuna wakwe wanaopigiana simu na kutumiana picha, lakini Mzee Jonasi hakulegeza hata uzi mmoja. Kwa mwaka mzima Imelda alikuwa amemjua baba mkwe wake kwa kikohozi, kwa kofia inayopita juu ya mabati, na kwa harufu ya tumbaku.

Na kwa cherehani. Kwa maana mzee huyo alikuwa fundi. Miaka mingi alishona Mlowo, barabarani pale penye wanunuzi wa mazao, akishona sare za shule na majoho ya kwaya, mpaka macho yalipoanza kumsaliti. Cherehani aliyokuwa akiitumia Imelda ilikuwa yake, alimpa Aliko siku ya harusi akisema tu, "Ya mkeo." Tangu siku hiyo mzee aliweka kiti chake upande wa pili wa mabati, karibu na kibanda, na watu wakadhani anafuata kivuli.

Kikohozi kikarudi. Kisha sauti, kubwa kupita kiasi, ya mtu anayeongea na simu.

"Haloo! Mulishani, hujambo, Sebastian! Ndiyo, ni mimi! Unasikia?"

Imelda alimjua Sebastian kwa jina. Ni rafiki wa zamani wa mzee, fundi mwenzake, anaishi Nakonde. Akainamisha kichwa ili asisikilize mambo ya wazee.

"Nakwambia, Sebastian," sauti ikaendelea, "nimeona mtu hapa, simtaji, ameshona viraka vyake kwa kuzunguka halafu akakata mshazari! Mwe! Kingo zote za nje zimekuwa za mshazari! Kitambaa cha mshazari kinavutika kama donge la chapati, si unajua? Mtu wa aina hiyo atashona blanketi la kufunika nyumba, alitandike kitandani likatae!"

Imelda akanyanyua kichwa. Akaitazama safu yake kwenye kamba. Akayatazama mabati.

"Eeh? Unaniuliza afanyeje?" mzee akasema, ingawa Sebastian alikuwa hajapewa hata nafasi ya kupumua. "Achukue miraba mikubwa, Sebastian. Mi-ku-bwa. Miwili, uso kwa uso. Apige chaki kutoka pembe hadi pembe, mistari yote miwili, ikutane katikati. Sasa asishone juu ya mstari! Ashone kando yake, huku na huku, upana wa mguu wa cherehani. Mstari mmoja, nyuzi mbili. Mstari wa pili, nyuzi mbili. Umenipata?"

Imelda alikuwa ameshachukua chaki. Akapiga mistari, akakaa, akashona huku na huku. Lakini akasita, kwa sababu kuna jambo hakulielewa, na hakuna namna ya kuuliza. Kumwuliza mzee ni mwiko. Kunyamaza ni chui.

Akachukua simu yake mezani, akaiweka sikioni bila kubonyeza chochote.

"Haloo, mama! Hamjambo huko Iyula? Kahawa vipi? Mama, nina swali. Mtu akishona hivyo, kwenye mshazari, si kitambaa kitavutika vile vile?"

Aliona amevuka mpaka, na si ule wa Zambia.

Kisha mzee akalipuka, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha tupu, furaha ya fundi aliyekaa mwaka mzima bila wa kuongea naye ufundi. "Hapana, Sebastian! Swali zuri sana hilo, Sebastian! Mshazari umebaki ndani, umefungwa na uzi, hauendi popote. Nje kote kuna uzi ulionyooka! Sasa akate. Kwanza katikati wima. Halafu katikati ulalo. Asivisogeze, avishike hapo hapo! Mwisho afuate chaki, pembe hadi pembe. Akifungua, ahesabu!"

Imelda akakata wima, akakata ulalo, akafuata chaki. Akafungua kimoja, kingine, kingine. Miraba minane. Akavuta ukingo wa mmoja kwa nguvu. Haukusogea.

"Mama!" akapiga kelele kwenye simu isiyo na mtu. "Nane, mama! Nane kwa mpigo! Na imenyooka!"

"Natotela, Sebastian, asante sana!" mzee naye akapiga kelele. "Na amwambie... yaani, Sebastian, asikate uzi kati ya kimoja na kingine! Avipitishe kwenye sindano vikifuatana, kimoja nyuma ya kingine, kama mabehewa ya TAZARA! Akimaliza ndipo ayafungue mabehewa!"

"Mama, na pasi nipige lini?"

"Pasi kabla ya kuunga, Sebastian! Alaze mshono kwenye rangi kali! Na asiburute pasi, aikandamize tu!"

Wakaendelea hivyo, mmoja akiongea na Iyula, mwingine na Nakonde, kwa sauti za watu walioko pande mbili za bonde, na kati yao kuna bati moja lenye kutu. Imelda alikuwa akicheka hadi machozi yanadondokea kitenge. Na mzee alikuwa katikati ya kueleza habari za kunoa mkasi ndipo ikasikika sauti nyingine upande ule, ya Dina.

"Baba, simu yako hii hapa. Nimeitoa kwa yule wa kuchaji, imejaa."

Mzee akakohoa.

"Sasa baba... ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Sebastian."

"Kwenye sabuni?"

Imelda aliziba mdomo kwa kitenge cha tausi, haikusaidia. Akapiga magoti kwenye vipande na kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Ng'ambo, Dina naye alikuwa chini, alisikika akigonga mabati kwa kiganja na kusema nakufa, jamani, nakufa. Mzee akakohoa kikohozi kirefu cha heshima, akasema sabuni ile ilikuwa ya kunawia, akaondoka zake. Lakini aliondoka akiimba.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Jumatano nzima mabehewa yalipita kwenye cherehani, yakatoka upande wa pili, yakarundikana hadi kwenye miguu ya meza. Imelda akawa anaimba, anakanyaga, anakata, anafungua nane, nyingine nane, nyingine nane, na kila akifungua anasikia furaha ile ile ya kwanza, haikuzoeleka. Majirani walikuja kutazama. Mama Gwantwa akaleta chai akasahau kuondoka. Hata Witness alipita, akachungulia, akaondoka bila kusema neno, na kwa Witness hiyo ilikuwa kama hotuba. Kila jioni safu mpya ilitundikwa kwenye kamba kando ya mabati, na kila jioni kofia ilisimama upande wa pili, ikatulia, ikasogea, ikatulia tena.

Alhamisi alikwenda mjini kutafuta flana ya kuwekea mgongoni mwa blanketi. Aliacha safu ya juu kabisa imepangwa mezani, vipande vimelala kwa mpangilio, bado kushonwa. Aliporudi alikuta imeshonwa.

Akasimama mlangoni na flana begani. Kigoda kilikuwa kimesogezwa. Cherehani ilikuwa imefutwa na kutiwa mafuta, na ndani mlikuwa na harufu ya tumbaku. Akainyanyua safu. Mshono ulikuwa mzuri, mwembamba, mwishoni umerudishwa nyuma mara tatu. Yeye hakuwa anarudisha mara tatu. Ni mtu mmoja tu aliyeshona hivyo, na alama zake zilikuwa kwenye kila joho la kwaya la zamani kutoka hapo hadi Mlowo. Mzee hakuwa ameweza kuvumilia. Alivizia mkwe aondoke, akaingia, akakaa kwenye cherehani yake.

Imelda akatabasamu peke yake. Kisha akakiona. Katikati ya safu, kipande cha Shangazi Judith, kile cha manjano, kilikuwa kimegeuka. Manjano palipotakiwa mbingu, mbingu palipotakiwa manjano. Milima yote imesimama, mmoja umening'inia kichwa chini.

Macho ya mzee. Manjano na krimu, kwake, zilikuwa zimeshakuwa kitu kimoja.

Akashika kifumulio. Kazi ya dakika chache tu. Lakini mkono ulikataa. Mzee angekuja jioni kusimama kwenye kamba, angetafuta mishono yake, angekuta imefumuliwa, na angejua sababu. Kumfumulia ni kumwambia macho yako yamekwisha, ukae kitini. Kama ni baba yake mzazi, angemtania, wangecheka, wangekirekebisha pamoja. Lakini kwa huyu hana mdomo. Yeye mwenye mdomo kupita wote Chapwa, kwa huyu hana. Na kwenye simu ya uongo hutaniani na mtu kuhusu macho yake.

Basi aache? Kipande chenyewe ni cha Shangazi Judith, ambaye anashuka kutoka Ileje kwa ajili ya kukitafuta. Atakiona kabla hajaketi. Wote watakiona, na watasema ndiyo kazi ya yule wa Iyula. Imelda alikaa kwenye kigoda, akaogopa kweli kweli, kwa mara ya kwanza wiki ile bila kucheka. Kisha akarudisha kifumulio kwenye kopo, akawasha pasi, akakipiga pasi kipande kile kwa uangalifu kuliko vyote, akakiunga na wenzake.

Jumamosi turubai mbili zilisimama uani, moja ya wanawake, moja ya wanaume, na spika zikaanza kuguguma kabla ya saa zake. Aliko alifika na vumbi la Zambia, akamnong'oneza mkewe kwamba amesikia habari za sabuni hadi foleni ya malori. Mzee Jonasi alikaa turubai ya wanaume, kiti kimegeuzwa, akiwapa wanawake mgongo, kama desturi inavyotaka. Ndani kwa Mama Gwantwa chui alikuwa tayari kwenye mfuko wake.

Mshereheshaji, kijana mwenye suti inayong'aa, akaita zawadi ya wake za kaka. Imelda na wenzake wakaingia wakicheza, blanketi limekunjwa vichwani. Wakalikunjua. Likafunguka hewani, likashuka polepole, milima juu ya milima, kali na nyepesi, tausi na feni na kwaya, kingo zimenyooka kama ukingo wa meza. Uwanja ukaenda wazimu. Shangazi wakainuka wote kwa pamoja, vidole mbele, kila mmoja akitafuta chake. "Changu hiki!" "Mwe, angalia tausi wangu!" Dina alikuwa analia na kucheka na kujipangusa kwa mkono wenye hina. Witness alijikuta anapiga vigelegele kabla hajajikumbuka. Kwa dakika moja Imelda aliamini kwamba kosa lile litapita bila kuonekana.

"Na changu?" akasema Shangazi Judith.

Akakiona. Akasogea. Akainama hadi pua ikakaribia kitambaa. Mshereheshaji, kwa kuwa hana aibu, akampelekea kipaza sauti.

"Huu mlima wangu," sauti ya shangazi ikajaa mtaa mzima, "mbona umepinduka? Kitenge cha ubatizo wa mwanangu! Nani kanipindua?"

Muziki ukakatwa. Wanawake wakamgeukia Imelda, wote, na yeye akaona lile jambo aliloliogopa tangu Jumapili likimjia nyusoni mwao, jicho kwa jicho. Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ndogo sana, "Ni haraka za Iyula." Angeweza kujiokoa kwa neno moja. Neno lenyewe lilikuwa jina la baba mkwe wake, na mdomo ule ambao wiki nzima haukuwa na breki, sasa ukakaa kimya.

"Nisamehe, shangazi," akasema.

Ndipo turubai ya wanaume ikaanza kuguna. Mzee Jonasi alikuwa amesimama. Alikuwa anakuja, na kwa kuwa hakutaka kuvunja mwiko, alikuja kinyumenyume. Alirudi nyuma hatua kwa hatua katikati ya uwanja, kofia mkononi, akipapasa viti kwa makalio, watoto wakimkwepa, Aliko akimwelekeza, "Kushoto, baba, kuna keki! Kushoto!" Watu hawakujua wacheke au wanyamaze, wakafanya yote mawili. Akafika, akanyoosha mkono nyuma, akapewa kipaza sauti.

"Judith," akasema, akiwa amewapa mgongo, "hujapinduliwa na mkwe. Nimekupindua mimi."

"Wewe umeingilia wapi humo?"

"Niliingia kibandani kwake hayupo. Nikashona safu nzima. Dada yangu, sikuweza kukaa. Mwaka mzima nasikiliza cherehani yangu kupitia bati." Akameza mate, na spika zikamsikilizisha kila mtu. "Macho ndiyo hayo. Nilidhani nimeweka sawa."

Kisha mzee akafanya jambo ambalo Chapwa bado wanalizungumza. Aligeuka. Alimtazama mke wa mwanawe, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza, na Imelda akaona kumbe ana macho ya Aliko, yaliyofifia kidogo tu.

"Imelda," akasema. "Ulikiona?"

"Nilikiona, baba."

"Mbona hukukifumua?"

"Nilikipiga pasi," akasema.

Kicheko kilianzia kwa Mama Gwantwa, kikamkamata Dina, kikafika kwa Shangazi Judith aliyekuwa akijitahidi kubaki na hasira na akashindwa. "Mbuzi!" akapiga kelele huku akicheka. "Umemtazama mkweo mbele ya ukoo! Utatoa mbuzi wa faini, na mwiko wenu nimeufuta leo, nimechoka na mambo yenu ya kukohoa! Na mlima wangu usiguswe, ukae hivyo hivyo. Muziki!"

Vigelegele vikapasua turubai. Katika zile kelele mzee alisogea karibu, akavaa kofia, akaivua tena, hakujua aiweke wapi.

"Siku nyingine nikikosea, mwanangu," akasema, "uniambie."

"Nitakuambia, baba," akasema Imelda.